Kutembeza wageni kwa miguu kijijini kwako Pemba: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Mwezi huu nimepigiwa simu na vijana watatu, na kila mmoja alikuwa na wageni pembeni yake anapiga. Wa kwanza alikuwa ndani ya mikoko, maji yanapanda, hajui atokee wapi. Wa pili amezuiwa na mwenye shamba, mzee amesimama katikati ya njia na panga lake, wageni wanatazama. Wa tatu wageni wake walikaa chini ya mwembe saa 5 mchana wakaomba gari, na hata nusu ya njia hawajafika.

Wote watatu ni wazaliwa wa pale pale walipokwama. Wanaijua njia tangu utotoni, na hapo ndipo shida ilipoanzia: njia unayoijua kwa kwenda skuli au kuchuma karafuu si njia ya kupita na mtu wa miaka 65 aliyevaa ndala. Mimi mwenyewe kundi langu la kwanza la kulipwa nililivusha hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, maji yakiwa kiunoni. Mama mmoja alishika kamera juu ya kichwa mpaka mkono ukamfa ganzi. Alinilipa, akanishukuru, sikumwona tena.

Mwongozo huu ni kwa mzaliwa anayetaka kutembeza wageni 2 hadi 6 kwa nusu siku: shamba, bonde, kijiji, mikoko. Mifano yangu ni ya Pemba. Aliyeko Unguja, Mafia au Lamu ataubadilisha, ila majina ya mimea na saa za maji ayakague upya kwake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kitambulisho na leseni ya kutembeza wageni. Kazi hii Zanzibar husimamiwa na Kamisheni ya Utalii, nayo ina ofisi Pemba. Nenda mwenyewe uulize masharti na ada ya mwaka huu. Usitegemee alichokwambia rafiki.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la mwezi mzima, kwenye karatasi. Mtandao hupotea mabondeni.
- Daftari dogo na kalamu ya risasi. Ya wino hufa kwa jasho.
- Maji ya kunywa, lita 1 na nusu kwa kila mgeni, na chupa 2 za akiba kwako.
- Mkoba wa huduma ya kwanza: bendeji, plasta, dawa ya kusafishia vidonda, kibano cha kutolea miiba, pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini, glavu.
- Chupa ya chai iliyojaa maji ya moto. Sababu yake utaiona Hatua ya 7.
- Filimbi 2, moja yako na moja ya msaidizi.
- Khanga 2 safi, za kumsitiri mgeni aliyekuja na kaptura fupi au mabega wazi.
- Darubini moja, hata ya mtumba. Ukikosa vyote vya ziada, hii usiikose.
- Namba za simu za sheha (kiongozi wa serikali wa eneo lako), za dereva aliye karibu na za kituo cha afya, zimeandikwa kwenye karatasi.

## Hatua ya 1: Chagua njia fupi kuliko unavyodhani

Kilomita 4 zinatosha. Najua wewe unazimaliza kwa dakika 50. Mgeni anasimama kupiga picha, anauliza, anafunga kamba ya kiatu, anaogopa siafu. Kwa vituo vyote, hesabu saa 3 na nusu hadi 4.

Pemba ina neema moja: ni vilima na mabonde vinavyofuatana. Ukitoka juu kwenye mikarafuu unashuka kwenye bonde la mpunga, unapanda tena kijijini, unateremkia mikokoni. Kila baada ya dakika 20 mgeni anaona kitu kipya bila kwenda mbali. Tumia hilo.

Panga mwanzo uwe juu na mwisho uwe pwani. Watu wakichoka wawe wanateremka. Na mwisho wa njia uwe mahali gari inafika. Kumrudisha mgeni kwa miguu njia ile ile aliyokuja ni kumfanya asahau kila alichokiona.

Onyo: kama njia yako inagusa msitu wa hifadhi, mfano Ngezi kule Konde, huingii kwa ujanja wa upande. Pita getini, lipa kiingilio, na uliza utaratibu wa kutembea na mtu wa msitu. Wale wanajua njia za ndani kuliko wewe, na ukigombana nao siku ya kwanza umepoteza kituo chako bora.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuichora njia yote kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na vituo visivyozidi 8.

## Hatua ya 2: Panga saa kwa maji, si kwa kifungua kinywa cha hoteli

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu ni bamvua: maji hupwa mbali sana na hujaa juu sana, tofauti ikafika kama mita 4. Katikati yake ni maji mafu, bahari haiendi wala hairudi kwa nguvu.

Wavuvi wetu wanajua jambo ambalo sisi vijana tunaotegemea simu tumelisahau. Siku za bamvua, kwetu maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi. Siku za maji mafu, saa hiyo hiyo ya 4 asubuhi bahari iko juu, na kupwa kwake kunaangukia alasiri. Maana yake kwako ni rahisi: matembezi ya asubuhi yanayoishia mikokoni ni ya siku za bamvua. Siku za maji mafu ama unageuza njia na kutembea alasiri, ama unaacha mikoko kabisa na kuishia kijijini. Usimuuzie mgeni mikoko kila siku ya mwezi.

Siku ya bamvua mimi hupanga hivi:

- Saa 12:30 asubuhi, kuanza mikarafuuni. Ndege wanaimba, jua halijachoma.
- Saa 1:30, kushuka bondeni.
- Saa 2:15, kijijini, chai na vitafunio.
- Saa 3:15, kuingia mikokoni, maji yanaendelea kutoka.
- Saa 4:15, kutoka. Hata kama mgeni anaomba dakika 10 zaidi.

Kwa nini nina haraka hivyo? Maji yanaporudi hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huoni kitu, unajiambia bado. Saa ya tatu na ya nne ndiyo hupanda nusu ya kimo chote. Kwenye tambarare ya matope, maji hayo huja kwanza kwa nyuma yako, kupitia vihori ulivyovivuka vikavu. Mimi nilivuka wapi kiunoni? Kwenye kihori ambacho saa moja na nusu nyuma kilikuwa na kaa wanatembea.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumjibu mtu anayekuuliza "Jumanne ijayo mikoko inafaa?" kwa kutazama jedwali, si kwa kukadiria.

## Hatua ya 3: Omba njia kwa wenyewe

Anza kwa sheha. Mpelekee ramani yako ya daftari, mwambie wageni wangapi, siku zipi, watapita wapi. Sheha akiwa na habari, mtu akimpigia kulalamika kuna wazungu kwenye bonde lake, jibu lipo tayari.

Kisha nenda nyumba kwa nyumba kwa kila mwenye ardhi unayokanyaga. Hodi, salamu ndefu, mazungumzo ya mvua na watoto, halafu haja yako. Nenda jioni baada ya alasiri, si asubuhi mtu anakimbilia kazini. Usiende na mgeni.

Kuna mtego mmoja kwenye mashamba ya karafuu. Mwenye ardhi na mwenye haki ya kuchuma wanaweza kuwa watu wawili: mikarafuu hukodishwa, ya serikali na ya watu binafsi. Mzee aliyekuruhusu mwezi wa Mei anaweza kuwa hana kauli mwezi wa Septemba, aliyekodi ndiye mwenye shamba msimu ule. Huyu ndiye aliyemzuia yule kijana niliyemtaja mwanzo. Alikuwa na haki yake: karafuu zake zimeanikwa kwenye majamvi, kila mtu anayepita ni macho na ni miguu. Kwa hiyo msimu ukianza, omba upya.

Na umwambie mgeni mapema kuwa karafuu hazinunuliwi njiani. Zanzibar, karafuu za mkulima huuzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, na kuzitoa kimagendo ni kosa. Punje mbili za kunusa hakuna anayezihesabu, lakini mgeni akitoa pesa kwa mtoto apewe mfuko, amewaingiza nyote kwenye maneno.

Malipo kwa wenye njia yasemwe wazi siku hiyo hiyo: kiasi gani kwa kila kundi, analipwa nani, lini. Wapo watakaokataa pesa na kusema "sisi ni ndugu, pita tu". Shukuru, halafu tafuta namna nyingine: kilo ya sukari, kumtengenezea daraja la mti bondeni. Aliyekataa leo asije akaona mwenzake analipwa kesho.

Utajua umefanikiwa siku watoto wa shamba wanapokuambia "babu kasema mpite upande ule, huku pamelimwa".

## Hatua ya 4: Itembee mara tatu kabla ya mgeni

Mara ya kwanza peke yako, saa ile ile utakayotembeza, na daftari. Andika dakika za kila kituo. Andika kivuli kilipo, maana kivuli cha saa 1 si cha saa 3. Andika mahali pa kujisaidia penye heshima. Hili hakuna anayelifikiria mpaka mgeni amenong'ona.

Mara ya pili na mzee. Chagua anayejua miti, si anayejua maneno. Nyamaza, muache atembee mbele, andika anachokigusa. Nilimfuata bibi mmoja kwa saa 2, akanionyesha mkandaa ambao magome yake yanatoa rangi, na mchu ambao majani yake ukiyalamba yana chumvi. Nilikuwa nimeupita mchu ule maisha yangu yote. Sasa ndicho kituo ambacho wageni hawakisahau: wanalamba jani, wanakunja uso, wanacheka.

Mara ya tatu na mtu wa mwendo wa pole. Mimi nilimchukua shangazi yangu, ana goti bovu. Alisimama mara nne kwenye mteremko mmoja ambao mimi sikuwahi kuuona kama mteremko. Udongo wetu wa vilimani ni mwekundu wa mfinyanzi. Ukinyeshewa usiku, asubuhi ni sabuni. Tukakata vidato 11 kwa jembe na kufunga kamba kwenye mfenesi. Kazi ya nusu siku. Tangu hapo hajaanguka mtu pale.

Onyo: rudia safari moja baada ya mvua kubwa ya masika. Njia ya Februari na njia ya Aprili ni njia mbili.

## Hatua ya 5: Tengeneza vituo 8, kila kimoja na kitu cha mkononi

Mgeni hakumbuki ulichosema. Anakumbuka alichonusa, alicholamba na alichokiona kwa darubini. Kwa kila kituo andika mambo matatu tu: anachokiona, anachokigusa, na sentensi mbili za kumwambia. Ukivuka sentensi tano watu wanaanza kutazama simu.

Mfano wa karafuu. Chuma kishada kimoja kwa ruhusa. Mgawie kila mgeni punje moja mbichi, mwambie abane kichwa chake kwa ukucha mpaka mafuta yatoke, kisha anuse kidole. Hapo mwambie: hili ni ua ambalo halijachanua, likichanua limekwisha thamani, ndiyo maana mchumaji yuko juu ya mti leo na si kesho. Kama kuna kina mama wanachambua, waulize wao kama wako radhi kuonyesha jinsi ya kutenganisha karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake. Mwambie mgeni kuwa hata makonyo hayatupwi, yana kiwanda chake Wawi, hukamuliwa mafuta. Basi. Ondoka.

Mfano wa ndege. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana kwingine duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na yule ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Chozi na huyu wa jicho jeupe huwapata hata bustanini, asubuhi, bila kuingia msituni. Mgeni mpenda ndege amevuka bahari kwa ajili yao. Usimpeleke moja kwa moja kwenye viungo ukidhani kila mtalii anataka iliki. Akiuliza kwa nini wako hapa tu, jibu ni bahari: mkondo baina yetu na Tanga una kina cha mamia ya mita, Pemba ilijitenga zamani sana, na viumbe vyake vikaenda njia yao. Unguja iko kwenye maji ya kina kifupi, kwa hiyo ilikuwa imeshikana na bara hadi jana jana kwa hesabu ya dunia.

Mfano wa popo. Hapa naomba tusikilizane. Popo wa Pemba, yule mkubwa ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufika kama mita 1 na nusu, ni wa kisiwa hiki peke yake. Aliwindwa mpaka miaka ya 1990 ikaonekana anakwisha, na waliookoa hali hiyo ni wanavijiji waliokubali kumlinda, wa Kidike wakiwemo. Mchana amelala, ananing'inia. Halafu anakuja mtembezaji, anapiga makofi au anatupa jiwe ili waruke, mgeni apate picha. Nimeliona zaidi ya mara moja. Mnyama aliyeamshwa mchana kila siku huhama mti, na akihama mti kituo chako kimekufa. Simama mbali, toa darubini, nyamaza dakika 3. Wataanza wenyewe kujipepea kwa mabawa, kugombana, kujikuna. Picha ni hiyo. Usisimame chini yao kwa sababu unayoijua, na tunda lililotafunwa na popo lisiokotwe wala lisiliwe.

Swali usilolijua jibu lake, sema hujui, liandike daftarini mbele yake. Mgeni ana simu. Kijana mmoja aliwaambia wageni kuwa kima punju wa Ngezi ni wa asili ya Pemba tangu dunia kuumbwa. Mgeni akasoma palepale kuwa waliletwa kutoka Unguja miaka ya 1970. Kuanzia hapo kila alilosema lilikaguliwa.

## Hatua ya 6: Piga bei kwa kundi, si kwa kichwa

Nitakupa hesabu ya mfano tu. Weka namba zako.

Wageni 4 kwa Sh40,000 kila mmoja ni Sh160,000. Toa chai 20,000, msaidizi 25,000, wenye njia 15,000, mfuko wa kijiji 15,000, simu na usafiri 10,000. Jumla 85,000. Unabaki na 75,000.

Sasa wageni 2 kwa bei hiyo hiyo: unapata 80,000. Chai imeshuka hadi 10,000, mengine yote yako pale pale. Umetumia 75,000, umebaki na 5,000 kwa asubuhi nzima. Ndiyo maana wengi "wana wageni" na hawana pesa.

Weka bei ya chini ya kundi, mfano Sh120,000 iwe wageni ni 1, 2 au 3. Wa nne na kuendelea alipe kichwa chake. Kiingilio cha hifadhi kama kipo kiseme pembeni, kisimezwe ndani ya bei yako. Na anayekuletea wageni mkubaliane fungu lake kabla, kwa ujumbe wa maandishi.

## Hatua ya 7: Jioni ya kuamkia na dakika 10 za mwanzo

Jioni mtumie mgeni ujumbe mfupi: saa ya kuanza, urefu wa njia, viatu vya kufunga vinavyoweza kulowa, nguo inayofunika mabega na magoti, kofia. Ndala hubaki kwenye matope ya mikoko, na kumvuta mtu mguu matopeni ni kazi ya watu wawili. Muulize pia kama ana pumu, moyo, au mzio wa nyuki, na awe na karatasi ya bima yake. Tangu Oktoba 1, 2024 kila mgeni wa kigeni anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Zanzibar. Namba ya bima hiyo iwe kwenye simu yako.

Kundi lisizidi 6. Si kwa heshima ya mazingira peke yake: njia zetu ni za mtu mmoja mmoja, na wa saba hasikii. Msaidizi atembee nyuma kabisa, asimpite mgeni yeyote. Filimbi moja maana yake simama, mbili maana yake njoo.

Kabla ya hatua ya kwanza waambie mambo haya wakiwa bado wamesimama:

- Wafundishe "hodi", "shikamoo" na "ahsante", wayatamke mpaka yatoke vizuri. Bibi akiitwa shikamoo na mgeni, nyumba nzima inafunguka.
- Picha ya mtu ni baada ya kuuliza, na ya mwanamke unauliza wewe, si wao.
- Watoto wasipewe pipi wala pesa. Anayetaka kusaidia aweke kwenye mfuko wa kijiji mwisho wa safari.
- Mwezi wa Ramadhani hakuna kula wala kunywa hadharani mchana. Wewe tafuta kituo cha faragha cha maji, usiwaache wakauke.
- Upupu usiguswe, na mti wenye majimoto, wale chungu wekundu wanaouma, usiegemewe. Waonyeshe vyote viwili.

Maji ya moto kwenye chupa ya chai ni ya mikokoni na ufukweni. Mtu akichomwa na mwiba wa samaki taa au wa samaki mwingine mwenye sumu, tia mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia, yajaribu kwanza kwa mkono wako, huku gari inakuja kumpeleka hospitali. Maumivu hupungua. Usikate kidonda, usinyonye, usipake mafuta ya taa kama tulivyofanyiwa sisi.

Utajua umefanikiwa mgeni akisimama mwenyewe kwenye kona ya nyumba na kusema "hodi" kabla hujamkumbusha.

## Hatua ya 8: Mwendo wa njiani

Tembea kwa mwendo wa wa mwisho. Kila baada ya dakika 15 simama kivulini, hesabu vichwa, kunywa maji wewe kwanza ili nao wanywe.

Usizungumze ukiwa unatembea. Wa nyuma anasikia mgongo wako tu. Simama, geuka, ngoja wote wafike, ndipo useme. Jua liwe usoni kwako, si usoni kwao.

Mikokoni pita njia moja iliyozoeleka. Vidole vile vinavyochomoza kwenye matope ni mizizi inayopumua. Ukipanua njia kila wiki, miche haioti tena. Nyayo za kundi la leo zifuate za kundi la juzi.

## Yakiharibika njiani

Mvua imekamata. Kijijini kuna baraza. Mvua ya vuli mara nyingi hupita, ngoja dakika 20. Ya masika ikishika, vunja safari, rudisha nusu ya pesa bila kuombwa.

Mgeni amechoka nusu ya njia. Msaidizi abaki naye kwenye kivuli cha kituo cha karibu, dereva aitwe. Kundi lisigawanyike mara mbili.

Mmechelewa kijijini, chai imenoga. Ikifika saa 3:40 bado mko kwenye jamvi, mikoko imefutwa leo. Sema waziwazi, waonyeshe jedwali la maji, badilisha kwa matembezi ya ukingoni juu ya mstari wa maji. Nimewahi kufanya hivyo na mgeni akanuna. Jioni alitembea mwenyewe kutazama bahari ilipofika, akarudi akicheka.

Mtu anawazuia njiani. Waambie wageni wasimame na msaidizi. Wewe nenda mbele peke yako, vua kofia, salimu kama ulivyolelewa. Usitaje leseni wala sheha kwanza. Akikataa, geuka. Jioni urudi kwake bila wageni.

## Baada ya wageni kuondoka

Lipa siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri kama unaweza, kwa mkono wako: mwenye shamba, mama wa chai, msaidizi. Mfuko wa kijiji uandikwe kwenye daftari la sheha, naye atie saini.

Halafu kaa dakika 10 na daftari lako. Andika mwendo ulichukua muda gani, swali gani hukulijibu, ndege gani alionekana na wapi. Na mstari wa kwanza wa ukurasa uwe huu kila siku: tarehe, umri wa mwezi, na dakika halisi maji yalipofika kwenye kile kihori cha kwanza.